Mfereji wa Kushoto

Walifika Chiromo kabla ya mapambazuko,
samaki arobaini na wawili,
kwenye mifuko ya plastiki yenye kibali cha serikali,
wamepanda basi la usiku kutoka Kilifi
na risiti yao imeandikwa: MZIGO, USIPINDULIWE.
Rangi ya chungwa, mishipi myeupe mitatu mitatu,
kama watoto wa chekechea waliovalishwa sare.

Kazi yangu si sayansi. Kazi yangu ni ndoo,
kitambaa, na kitabu cha kuandikia joto la maji.
Mimi huchanganya bahari nisiyowahi kuiona:
maji ya Ndakaini, yakiisha kutolewa dawa,
gramu thelathini na tano za chumvi kwa kila lita,
na hapo, ghorofa ya pili, kisogoni mwa mto Nairobi,
nina bahari.

Mtungi wa hewa ya ukaa huja Jumatatu
na lori lile lile liendalo kiwanda cha soda.
Barasa dereva huniuliza, "Samaki wenu nao
wanapenda soda?"
Nacheka. Kisha nafungua vali kidogo,
kama mtu anayepima dawa ya mtoto.
Povu jembamba. Maji hayabadiliki rangi.
Hilo ndilo hunisumbua. Ungekunja ngumi
ungoje yachemke, yanuke, yatoe moshi;
hayafanyi lolote.

"Haya si maji ya leo, Muindi," asema Daktari Nasambu.
"Ni maji ya wajukuu zako wakizeeka."

Kuna mifereji miwili. Wa kulia, maji matupu.
Wa kushoto, maji alimolala chewa usiku kucha,
yakachukua jasho lake, kama chewa huwa na jasho.
Samaki wa tangi la kwanza, akifika njia panda,
husita, hutikisa pezi, hukata kulia.
Hajawahi kumwona chewa. Hakuonywa na mama.
Alizaliwa na hofu yake
kama sisi tulivyozaliwa na kucha.

Wa tangi la tatu,
wiki mbili ndani ya povu langu,
hakusita.
Alikata kushoto kama aliyeitwa kwa jina.

Nasambu aliandika bila kuinua uso.
"Wapo waliojaribu hivi hivi," akasema,
"na samaki wao hawakupotea.
Ndiyo maana narudia. Mwaga. Anza upya."
Nikamwaga. Nikaanza upya.
Mara hii wanne kushoto, watatu kulia,
mmoja akasimama katikati hadi muda ukaisha.

Sikumwambia kuhusu pua yangu.
Tangu homa ile ya mwaka juzi ni pambo la uso tu.
Daraja la Gikomba wenzangu huvuka wakijiziba,
mimi navuka kama napita kwenye bustani.
Maziwa huungua nikiwa nimekaa kando yake.
Shati langu, Kalekye ndiye huniambia.

Na Alhamisi ile, stima imepotea mtaa mzima,
nilifungua mlango wa chumba chetu Kariobangi,
nikavua viatu, nikapapasa meza,
nikashika kiberiti.
"Muindi!" Kalekye alikuwa ngazini, na ndoo kichwani.
"Muindi, gesi! Toka!"
Ndoo ilianguka. Maji yalishuka ghorofa tatu.
Njiti ilikuwa imekwisha gusa ubavu wa kiberiti.

Nilikuwa nimeingia vizuri tu.
Nilikuwa naimba chinichini.

Leo zamu ya usiku ni yangu peke yangu.
Yule wa kumi na saba yuko mlangoni mwa kushoto,
mdomo ukifunguka na kufumba, mkia umetulia.
Nimegonga kioo kwa kucha. Nimemwita.
Hana jina, nimemwita hivyo hivyo.
Ameingia.

Kitabuni nimeandika: saa mbili na robo.
Nyuzi ishirini na saba. Chumvi sawa.
Maji hayana rangi.